Sikuzaa Mijusi: Taarifa ya Mweka Hazina

Nianze kwa kusahihisha, maana hadi jana usiku nilikuwa nimeshasikia matoleo manne ya kisa changu cha mijusi kwenye kikao cha harusi cha Jumamosi. Hawakuwa nyoka. Hawakutoka kwenye suruali. Hawakuwa arobaini; walikuwa sita, na hiyo sita nina uhakika nayo kwa sababu niliwaandika namba mwenyewe kwa penseli wakiwa bado mayai. Na wewe uliyenitumia ujumbe "hongera sana, mzazi na watoto wanaendeleaje?", nimekuona. Ipo siku simu yako itagoma kuchaji, na fundi unamjua ni nani.

Aliyesambaza ni Doto. Namwita Doto kwa sababu ndivyo Wasukuma tunavyomwita kila pacha anayefuata. Jina lake la ubatizo nalihifadhi, si kwa heshima, ila kwa sababu koti lilikuwa lake. Kulwa, pacha mwenzake, ndiye bwana harusi. Na mimi ndiye mweka hazina wa kamati ya harusi ya Kulwa. Koti la mtu, harusi ya mtu, hela za watu. Shikeni hayo matatu, yatakutana.

Sasa mijusi. Wanaonijua wanajua habari za lile deli langu la kutotoleshea mayai, lakini naona wageni wengi humu tangu juzi (karibuni, mmekuja kwa sababu mbaya), kwa hiyo nieleze kidogo.

Kuna kijana wa chuo aliwahi kupanga chumba jirani na changu hapa Igogo, Mwanza. Alikuja kuchunguza wale mijusi wa mwambani, wale madume wa kichwa chekundu na mwili wa buluu wanaoota jua kwenye mawe yetu kama wamelipia kiwanja. Jina lao la kisayansi limebeba jina la mji huu, Agama mwanzae, tangu 1923. Mji mzima una mjusi wake, na hakuna hata mtu mmoja aliyetuchapishia fulana. Yule kijana alikuwa na kibali na daftari. Mimi nilikuwa na hamu tu. Ndiye aliyenionyesha kwamba kuna na wengine, wadogo, laini, wanaong'aa kama wametoka kupakwa mafuta ya nazi. Yeye aliwaita skinki. Watu wa pwani wana jina lao, mjusi Islamu, ili asichanganywe na mjusi kafiri wa ukutani. Huku kwetu wote wana jina moja: "Muue huyo!"

Wa kwanza niliyemkamata alikuwa wa mistari, wale wanaoshinda kwenye kuta na milundo ya matofali. Tumbo limejaa. Nikamwandalia mchanga wenye unyevu, kona yenye giza, gome la mti, nikakaa kusubiri mayai. Wiki nne. Asubuhi moja nikakuta watoto watano wanakimbizana chomboni na hakuna ganda hata moja. Kumbe wa mistari hatagi kabisa. Anazaa watoto wazima kama mbuzi. Doto alikuwepo siku ile, na ndiyo siku aliyoanza kuniita Mkunga. Kwa hiyo msidhani hili la Jumamosi limekuta jina langu likiwa safi.

Wa pili nilikuwa makini. Hawa wana madoadoa mdomoni, rangi ya kahawia, mkia mrefu kuliko akili. Jike na dume, niliwapata kwenye mwembe wa shangazi yangu kule Nyegezi. Hawa wanataga. Niliwaweka kwenye beseni kubwa lenye wavu juu, nikawa nawalisha nyenje wadogo, mchwa, kumbikumbi mvua ikinyesha, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi wa moto. Ganda la yai la kuku nalisaga unga nawanyunyizia wadudu, wapate chokaa. Asubuhi nawatoa juani, nawarushia maji kwenye majani walambe. Jamani, mimi mwenyewe siku hizo nilikuwa nakula chapati na chai ya rangi mchana na usiku.

Februari wakataga. Mayai sita, chini ya gome, meupe, madogo kama maharage, ganda laini kama ngozi. Nikampigia yule kijana usiku ule ule. Akanipa masharti: usiyageuze. Kuku hugeuza mayai yake, lakini kwa mjusi, zikishapita siku moja mbili kijusi kimeshajishikiza, na ukilipindua yai umekimaliza. Kwa hiyo weka alama juu kwa penseli, uyahamishe vile vile yalivyolala. Mchanga uwe wa kuushika ngumini ukashikana bila kutoa tone. Joto nyuzi 28, 29 hivi. Na uyatenge na wazazi, maana skinki mkubwa akimwona mdogo hamwiti mwanangu. Anamwita chakula.

Basi nikafanya yote. Kikopo cha mafuta ya mgando, matundu kwenye kifuniko, mchanga, mayai sita, juu ya kila yai namba: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Kikopo ndani ya deli bovu la samaki, balbu ndogo, kipima joto. Mayai yakavuta unyevu yakavimba vizuri, hadi nikawa nakwenda kuyatazama kabla ya kupiga mswaki.

Zile namba. Ningeweka nukta tu. Nukta ingetosha kabisa.

Jumamosi asubuhi, siku ya 54, nafungua deli nakuta mayai yamebonyea kidogo na yana matone juu, kama yanatoka jasho. Mimi mtaalamu nikatikisa kichwa: maji yamezidi. Nikalegeza kifuniko hewa iingie. Baadaye yule kijana amenieleza kwamba yai la mjusi likitoka jasho maana yake ni leo. Yaani nilimwona mjamzito ameshika kiuno nikamwambia apunguze chumvi.

Kikao kilikuwa saa kumi. Saa tisa mvua ikakatika, na nyuma ya mvua wakaja siafu.

Anayeishi milimani hapa anajua siafu hawabishi hodi. Walikuja kwa mstari kutoka kwenye mwamba nyuma ya choo, wakapita chini ya mlango, wakapanda meza. Majivu nilimwaga. Mafuta ya taa nilimwaga. Wengine walikuwa wameshafika kwenye mguu wa deli. Beseni la wazazi nilimkimbizia mama wa chumba cha pili, akalipokea kwa sharti moja, kwamba nisimwambie kuna nini ndani. Lakini mayai? Yule mama ana watoto wanne na wote wana tabia ya kutikisa kila kitu waone kama kinalia.

Nikajitazama. Nilikuwa nimeshavaa koti la Doto. Aliniazima kwa sababu siku hiyo walikuwa wanakuja wageni watatu kutoka Ukerewe, upande wa bibi harusi, kuangalia maandalizi yamefika wapi, na Kulwa aliniambia waziwazi kwamba mweka hazina hawezi kuonekana kama mtu mwenye njaa na hela. Koti lenyewe kubwa, mabega ya Doto ni mawili na nusu. Mfuko wa ndani ni kina cha kisima. Kikopo kikaingia, kikasimama wima, kikatulia palepale kwenye joto la mbavu. Nikajisifu. Nilisema moyoni, hii ndiyo mashine ya kutotolesha yenye miguu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema. Hawakusema lolote kuhusu mfuko wa ndani.

Bodaboda nilimwambia: "Kaka polepole, nimebeba mayai." Akaniangalia juu mpaka chini, hana anachokiona. "Trei ngapi?" Sikumjibu. Kutoka Igogo, tukazunguka pale penye sanamu ya samaki, tukashika njia ya Kirumba, na kila tuta mimi nainuka kwenye kiti kama mtu anayeswali, kifua wima, mkono mmoja kifuani. Mama mmoja kwenye daladala alinionea huruma, nadhani alidhani ni moyo. Jambo nililolijua baadaye: kuna skinki wadogo huko Australia ambao yai lao likikaribia kuanguliwa, likitikiswa tu, mtoto anapasua na kukimbia papo hapo, akidhani mla mayai amefika. Kama wa kwetu nao wana akili hiyo mimi sijui, sina shahada. Najua tu kwamba matuta niliyahesabu kumi na moja.

Tukafika. Baa moja ya wazi, upepo wa ziwa, viti vya plastiki. Mwenyekiti wetu ni mzee mvuvi mstaafu, mtu wa maneno machache, mbele yake bakuli la supu ya sato, ndimu, pilipili. Wageni wa Ukerewe wamekaa upande wake wa kulia: baba mmoja na akina mama wawili, na kati ya hao mama wawili mmoja ni shangazi wa bibi harusi. "Mwadila, mayu," nikamwamkia, nikainama kwa adabu, halafu nikakumbuka kikopo nikainuka ghafla kama nimechomwa. Akanitazama. Hapo ndipo tulipoanza vibaya mimi na yeye.

Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, muhtasari wa kikao kilichopita. Ya tatu, ukumbi. Ya nne, taarifa ya mweka hazina.

Ngoja ninywe maji.

Nilisimama. Nikafunga kifungo cha koti, nikafungua daftari. Watu kama ishirini, wote kimya, maana kwenye vikao vya harusi watu husinzia hadi zitajwe hela. Nikasema: "Mheshimiwa mwenyekiti, bajeti yetu ni milioni tisa na laki sita." Kitu kikanigusa ubavuni. Kidogo sana, kama ncha ya jani. Nikajiambia ni jasho.

"Ahadi zilizopokelewa ni milioni saba, laki moja na elfu hamsini." Jasho likapanda.

Wapendwa. Jasho halipandi. Jasho huteremka.

Nikajua. Mwili mzima ulijua, hata nywele. Nikaubana mkono wa kushoto ubavuni, lakini taratibu, maana ukibana anakufa, usipobana anasafiri. Huyo wa kwanza alikuwa amesimama juu ya mbavu ya tatu, ana vidole vya baridi, kila kidole kina kucha yake, na nilivihesabu vyote. "Taslimu," nikasema, sauti imepanda kidogo, "taslimu iliyopo... iliyokusanywa... ni milioni tatu, laki nne na elfu themanini." Wa pili akatoka. Huyu hakuwa na utulivu wa kaka yake. Alichagua njia ya kwapani.

Sasa lazima niwaambie siri ambayo hata mama yangu nadhani ameisahau: mimi nina nyegere za kwapa. Nikitekenywa hapo sina ujanja. Nikaendelea kusoma. Malipo ya awali ya ukumbi, milioni moja na nusu. Kadi, laki moja na elfu themanini. Jasho la kweli nalo likaanza, linateremka, linapishana na mijusi inayopanda. Katibu (huyo sitamtaja, wala sitaki mumtafute, ni mtu ninayemheshimu na nilikuwa na mipango) akaacha kuandika, akanitazama. Nikafika kwenye neno lile. Nikafungua mdomo: "Sa... salio..."

Na nikacheka.

Si kicheko cha kawaida. Kilikuwa kile cha mtoto anayeogeshwa. Mweka hazina, mbele ya ukoo wa bibi harusi, amefika kwenye salio la michango ya watu, anatokwa jasho, ameshikilia mfuko wa ndani wa koti, anacheka.

"Salio," akasema shangazi polepole, "linamchekesha."

Mwenyekiti akaweka kijiko chini. "Kijana. Una nini mfukoni?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Mbona umekishika?"

Nilitazama mkono wangu. Kweli ulikuwa umekishika. Doto, upande wa pili wa meza, alikuwa ameshaanza kutoa simu. Nakumbuka hilo vizuri kuliko yote. Mimi ni fundi simu, nikaona hata kamera aliyochagua.

"Toa uweke mezani," akasema mwenyekiti. "Kama ni hela za watu, weka mezani tumalize kiutu."

Hapo ndugu zangu nilipata chaguo mbili. Kuonekana mwizi au kuonekana nitakavyoonekana. Nikaingiza mkono kwa taratibu zote, bila kugeuza, bila kupindua, nikakitoa kikopo wima kama kombe la ubingwa, nikakiweka katikati ya meza, kati ya soda na bakuli la supu. Kifuniko hakikutoka nacho. Kifuniko kilibaki mfukoni.

Watu wote wakainama.

Ndani mlikuwa na mchanga. Maganda mawili yaliyopasuka, membamba kama karatasi ya pipi. Mayai manne meupe yenye namba. Na Namba Tatu alikuwa ametoa kichwa. Kichwa tu, kama mtu anayechungulia dirishani aone nani anagonga. Skinki akishachana ganda anaweza kukaa hivyo saa nyingi akimalizia kiini, hana haraka. Alikuwa na macho meusi, mapevu. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama. Naapa palikuwa na kimya hadi nikasikia mtu jikoni anakwangua magamba.

Shangazi ndiye aliyesoma kwa sauti, kidole kikielea juu ya kikopo. "Mchanga. Mayai. Tatu. Nne. Tano. Sita." Akanyamaza. Halafu akauliza kwa ile sauti ya chini inayosikika hadi barabarani:

"Kamati hii ina wajumbe wangapi?"

Mtu yeyote mwenye huruma angesema sijui. Katibu, ambaye ni mkweli hadi inakera, akajibu: "Sita."

Mungu wangu.

Viti vya plastiki vikirudi nyuma kwa pamoja vinatoa mlio mmoja ambao sitausahau. "Ametuzindika!" mtu akasema. Mjumbe wa mapambo akauliza yeye ni namba ngapi. Nikainua mikono kuwatuliza, "Hapana, hapana, ni mayai ya mjusi tu," na kuinua mikono ndiko kulikokuwa kosa, kwa sababu kwapa ilifunguka. Namba Moja alitokea kwenye kola, upande wa kulia wa shingo. Namba Mbili alitokea kwenye kiganja cha mkono wa shati, akasimama juu ya saa yangu kama anaangalia muda. Na zile kelele zikawaamsha wa kikopo. Namba Tatu akaruka na mwili mzima. Namba Nne hata hakuchungulia. Yai lilipasuka na yeye akawa tayari yuko kwenye daftari la michango, juu ya jina la mjomba wa Kulwa, ambaye aliahidi laki mbili na hajatoa hata mia.

Nikavua koti. Namba Moja akaingia ndani ya shati. Nikavua shati.

Fulana yangu ya ndani. Sitaielezea. Doto ameisambaza, mmeiona, mmeyahesabu matundu na mmenitumia majibu. Asanteni.

Nikiwa hivyo, mbele ya watu wa Ukerewe, nilianza kutoa darasa. Kwa nini, sijui. Watu wengine wakiogopa wanakimbia, mimi nafundisha. "Hawana sumu!" napiga kelele. "Hawaumi! Wanakula mende! Hizo namba ni kwa ajili ya kutoyageuza, kijusi kimejishikiza!" Neno kijusi lilipokelewa vibaya sana. Mama wa pili wa Ukerewe akaanza kusali. Na mjomba wa Kulwa, kwa kuona kiumbe kimekalia jina lake, akamshika Namba Nne kwa mkia.

Usimshike skinki mkia, jamani. Kila siku naandika humu, usimshike mkia. Anauacha. Ndiyo kinga yake: mkia unakatika wenyewe, unabaki unarukaruka ili wewe uushangae yeye akitoroka. Namba Nne akaondoka zake bila mkia, salama kabisa. Mkia ukabaki kwenye vidole vya mjomba, unapinda, unajikunja, unacheza. Mjomba akaurusha. Ulikwenda juu, ukapinduka mara mbili kwenye mwanga wa taa, na nikaufuata kwa macho hadi... tutarudi hapo.

Yaliyofuata hayana utamu. Kikao kiliahirishwa. Watoto niliwakusanya mmoja mmoja kwa glasi ya bia, na Katibu alinisaidia, Namba Mbili alimtoa yeye kwenye pochi yake kwa mkono mtupu bila kusema neno. Tano na Sita walitoka usiku, nyumbani, kwa amani, siafu wakiwa wameshapita na kula hata sukari. Jumapili nilionyesha taarifa ya benki mara tatu: salio milioni moja na laki nane, haijapungua shilingi. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwa wageni kueleza. Nimebaki mweka hazina kwa jina, ila hela anashika Katibu, na kwenye muhtasari ameandika, nanukuu kwa sababu nimepewa nakala: "Mengineyo: Mweka hazina alivua koti saa 11:42." Yule kijana wa chuo, baada ya kucheka dakika nzima kwa salio langu la simu, alinikumbusha kwamba kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2009 na kwamba hamu si kibali. Jumatatu alfajiri nikawapeleka wote Nyegezi, wazazi na watoto, nikawaachia kwenye mwembe ule ule, watoto upande mmoja na wazazi upande wa pili wa uzio, kwa sababu mnazozijua. Namba Nne alipanda haraka kuliko wote. Mkia utaota mwingine.

Doto anadai nilifulie koti. Nitalifua.

Sasa ule mkia. Najua ulikoangukia. Nilikuwa nimesimama, naona meza yote, nikiwa na fulana yangu. Na katika zogo lile lote, watu wamerudi nyuma na viti vyao, ni mtu mmoja tu hakunyanyuka, mvuvi mstaafu, aliyeona mengi ziwani kuliko mijusi sita. Alisubiri kelele ziishe, akakamua ndimu, akaendelea na supu yake. Akaimaliza. Akainua bakuli akanywa hadi tone la mwisho, akafuta mdomo, akamwambia mpishi kwamba leo samaki ameiva.

Tulitafuta ule mkia mimi na Katibu chini ya meza hadi saa mbili usiku, kwa ajili ya utaratibu tu. Mzee hana simu janja. Naomba sana ibaki hivyo.